Uanakisti na ukomunisti: vinaachana wapi, na anayetaka kuchagua aangalie nini

Mwulize mkomunisti anataka jamii ya namna gani mwishowe. Atakuambia: isiyo na matabaka, isiyo na bwana wala mtwana, isiyo na dola (yaani mamlaka ya serikali inayotawala kwa nguvu), ambamo kila mtu hutoa kwa kadiri ya uwezo wake na hupata kwa kadiri ya mahitaji yake. Mwulize sasa anakisti, yaani anayepinga dola na kila utawala wa kulazimisha, anayemfuata Mrusi Kropotkin. Utapata jibu hilohilo, karibu neno kwa neno. Ndiyo maana ulinganisho unaoanzia kwenye malengo humchosha msomaji bure. Ugomvi wenyewe unahusu siku ya pili baada ya mapinduzi, pale jeshi, polisi, hazina na benki vinapobaki bila mwenyewe. Je, vichukuliwe au vivunjwe?

Hapa tunaulinganisha ukomunisti wa mkondo wa Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi ya 1917, kwa kuwa ndio ulioshika nchi, na uanakisti wa kijamii wa Bakunin, Kropotkin na vyama vya wafanyakazi, kwa kuwa ndio uliovuta umati. Wapo pia waanakisti wa ubinafsi wanaomfuata Max Stirner, na wapo wanaotaka soko huria bila serikali na kujiita waanakisti. Hawa wa mwisho hukataliwa na karibu waanakisti wengine wote, kwa sababu wanamwondoa rais na kumbakiza bosi na mwenye nyumba.

Walipoachana

Mwaka 1840 Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon alijiita anakisti waziwazi na kuandika kwamba mali ni wizi. Hakukusudia shati lako wala nyumba unayolala. Alikusudia umiliki unaomwezesha mtu kula kodi na riba kutokana na jasho la mwenzake. Miaka minane baadaye, Februari 1848, Karl Marx na Friedrich Engels walichapisha London Ilani ya Chama cha Kikomunisti. Kuhusu ugonjwa, yaani ubepari, hawakuwa mbali na Proudhon. Kuhusu dawa walikuwa mbali sana, na tofauti hiyo inaonekana vizuri kwenye suala la benki. Kati ya hatua kumi zinazopendekezwa na Ilani, ya tano inataka mikopo yote iwe mikononi mwa dola, kupitia benki ya taifa yenye mtaji wa dola na ukiritimba kamili. Proudhon naye mwanzoni mwa 1849 alianzisha Benki ya Umma, ambamo mafundi na wakulima wangedhaminiana wenyewe na kukopeshana karibu bila riba. Haikufika mbali: mwanzilishi wake alihukumiwa kifungo kwa maandishi yake dhidi ya Rais Louis-Napoléon, na benki ikafungwa baada ya miezi michache.

Kambi hizi mbili ziliishi pamoja kwa muda katika Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi, iliyoundwa London mwaka 1864. Mkutano mkuu wa The Hague, Septemba 1872, ulimfukuza Mrusi Mikhail Bakunin pamoja na James Guillaume, na Baraza Kuu likahamishiwa New York, ambako lilififia. Mwezi huohuo waanakisti walikutana Saint-Imier, Uswisi, wakaunda jumuiya yao.

Hoja ya Bakunin ilikuwa fupi: mfanyakazi akishakuwa mtawala si mfanyakazi tena, na ataanza kuwatazama wafanyakazi kutoka juu, kwenye kiti cha dola. Marx alijibu kwamba tabaka lililopinduliwa halilali. Litarudi na jeshi, fedha na marafiki wa nje. Kwa hiyo wafanyakazi wanahitaji dola yao wenyewe katika kipindi cha mpito, kipindi alichokiita udikteta wa tabaka la wafanyakazi. Engels akaongeza kwamba matabaka yakishakwisha, hakuna atakayehitaji kuifuta dola, maana itanyauka yenyewe.

Engels alikuwa na hoja nyingine ambayo waanakisti hawajapata kuijibu kwa urahisi. Meli ikiwa katikati ya bahari na hatari imezuka, uhai wa wote unategemea amri ya mmoja kutiiwa papo hapo. Bakunin hakuwa mgeni wa jambo hilo. Kwenye masuala ya viatu, aliandika, humsikiliza fundi viatu, ila hamruhusu fundi huyo amlazimishe. Yaani hana ugomvi na utaalamu. Anachokataa ni amri isiyoweza kukataliwa. Jibu hilo linatosha kwa karakana na shule. Zikija treni mbili zinazotumia reli moja, hoja ya Engels ina uzito zaidi.

Bega kwa bega

| Jambo | Uanakisti | Ukomunisti wa mkondo wa Lenin |
|---|---|---|
| Dola baada ya mapinduzi | Ivunjwe mara moja | Itwaliwe, itumike, kisha inyauke |
| Chombo kikuu | Mkutano wa wote, chama cha wafanyakazi, shirikisho | Chama kimoja chenye nidhamu na Kamati Kuu |
| Njia kuu za uzalishaji mali | Mikononi mwa wanaozitumia, wakishirikiana | Mikononi mwa dola, kwa mpango wa taifa |
| Bunge na uchaguzi | Kwa kawaida hawagombei | Hugombea, bunge likitumika kama jukwaa |
| Kinachoharibika kwanza | Uratibu: hakuna wa kuamua kwa wote kwa wakati | Uwajibikaji: hakuna wa kumwondoa aliye juu |

Mstari wa mwisho ndio wa kukaa nao, maana historia imeujaribu mara kadhaa.

Paris, 1871

Komuni ya Paris, serikali ya wafanyakazi wa mji huo, ilidumu kuanzia 18 Machi hadi 28 Mei 1871, na kambi zote mbili huidai kuwa yao. Wajumbe walichaguliwa kwa kura na wangeweza kuondolewa, na mishahara ya utumishi wa umma iliwekewa kikomo cha faranga 6,000 kwa mwaka. Marx aliona hapo umbo la dola ya wafanyakazi. Bakunin aliona dola ikikanwa. Wote wawili wana ushahidi wa kutosha.

Jambo moja halikufanyika: Benki ya Ufaransa haikuguswa. Charles Beslay, rafiki wa Proudhon aliyetumwa huko kama mjumbe wa Komuni, aliilinda badala ya kuiteka. Komuni ikawa inapewa mikopo kidogo kidogo, huku benki hiyohiyo ikiipa serikali ya Ufaransa, iliyokimbilia Versailles, fedha nyingi mara kadhaa za kuendesha vita dhidi ya Paris. Mwaka 1891 Engels aliliita hilo kosa zito la kisiasa. Lenin alilizingatia sana: Wabolsheviki, yaani chama chake, walipotwaa madaraka Novemba 1917, waliiteka Benki ya Dola ndani ya wiki chache, na Desemba benki binafsi zikataifishwa.

Urusi: dola ilitwaliwa

Kwa kipimo cha kushinda, mkakati huo ulifaulu. Wabolsheviki walivishinda vita vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya majeshi ya Weupe, wapinzani wa mapinduzi, na wasaidizi wao wa kigeni, jambo ambalo Komuni isingeweza kuliota. Ila tazama bei yake kwa mfuatano wa tarehe. Desemba 1917 iliundwa Cheka, polisi ya siasa. Januari 1918 Bunge la Katiba lilifungwa baada ya kikao kimoja. Aprili 1918 nyumba za waanakisti Moscow zilivamiwa. Huko Ukraine, Nestor Makhno na jeshi lake la wakulima waliingia mapatano na Jeshi Jekundu la Wabolsheviki mwaka 1920 ili kumpiga Jenerali Wrangel wa Weupe. Wrangel aliposhindwa, Novemba mwaka huohuo, Jeshi Jekundu likawageukia.

Machi 1921 ikawa zamu ya Kronstadt, ngome ya majini karibu na Petrograd, ambayo mabaharia wake walikuwa nguzo ya mapinduzi ya 1917. Madai yao yalikuwa 15, miongoni mwake uchaguzi mpya wa mabaraza ya wafanyakazi kwa kura ya siri, uhuru wa kusema kwa wafanyakazi na wakulima, kufunguliwa kwa wafungwa wa vyama vya kisoshalisti, na mgao sawa wa chakula. Jeshi Jekundu lilivuka barafu na kuuzima uasi ule. Siku zilezile, Mkutano Mkuu wa Kumi wa chama ulipiga marufuku makundi ndani ya chama chenyewe. Hapo Bakunin angeweza kusema "niliwaambia", ila alikwishafariki tangu 1876.

Wakomunisti wengi hueleza hayo yote kwa vita, njaa na kuzingirwa. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Marufuku ya makundi ilikuja wakati Wabolsheviki wamekwisha kushinda vita, na haikuondolewa amani ilipokuja. Tena onyo halikutoka kwa waanakisti peke yao. Rosa Luxemburg, Mmarx wa damu, aliandika mwaka 1918 akiwa gerezani Ujerumani kwamba bila uchaguzi huru na uhuru wa magazeti, maisha ya umma yatakufa na kubakiza watumishi wa ofisi.

Kwenye uchumi, ugonjwa huohuo hujitokeza kama takwimu za uongo. Mpango wa taifa unahitaji taarifa za kweli kutoka chini. Anayezitoa ni ofisa ambaye cheo chake, pengine na shingo yake, vinategemea kutimiza lengo. China mwaka 1958, katika kampeni ya Kuruka Mbele, viongozi wa vijijini waliripoti mavuno ya ajabu. Serikali ikakusanya nafaka kwa kufuata ripoti hizo, na iliyobaki haikutosha kuwalisha walioilima. Makadirio ya waliokufa kwa njaa hiyo yanaanzia takriban milioni 15 na kuzidi milioni 40. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umepitia njaa ya 1932–33, iliyoua mamilioni, baada ya mashamba kulazimishwa kuwa ya pamoja. Hali zote mbili zilizaliwa na mfumo usio na gazeti la kupinga wala mkulima wa kukataa.

Haki itendeke pia upande wa pili. Mamlaka ya kati yakiamua jambo lisilohitaji kubembeleza soko, hulifanya haraka. Cuba mwaka 1961 ilipeleka vijana mashambani kufundisha kusoma, na zaidi ya watu 700,000 walijua kusoma na kuandika ndani ya mwaka mmoja. Ila kunyauka kwa dola hakukuonekana popote. Programu ya chama cha Kisovieti ya 1961, enzi za Khrushchev, iliahidi kwamba kufikia 1980 ukomunisti ungekuwa umejengwa kwa sehemu kubwa. Desemba 1991 Umoja wenyewe ulivunjika.

Hispania: dola iliachwa

Jaribio kubwa la uanakisti lilifanyika Hispania. Chama cha wafanyakazi cha CNT, kilichoundwa Barcelona mwaka 1910, kilikuwa na mamia ya maelfu ya wanachama. Mei 1936, kwenye mkutano mkuu wa Zaragoza, kilipitisha azimio la "ukomunisti huria", jina linalowachanganya wasomaji hadi leo: waanakisti hawa walikuwa wakomunisti kuhusu mgawanyo wa mali, na wapinzani wa dola kuhusu utawala.

Julai mwaka huo majenerali waliasi. Barcelona walishindwa na wafanyakazi wenye silaha, wengi wao wa CNT. Siku chache baadaye tramu zilirudi barabarani zimepakwa nyekundu na nyeusi, zikiendeshwa na wafanyakazi wenyewe. Viwanda vingi Catalonia vilifuata mkondo huo, na vijiji vingi vya Aragon vilianzisha mashamba ya pamoja. Baadhi ya vijiji vilifuta kabisa fedha na kugawa bidhaa kutoka ghalani au kwa kuponi za familia.

Matatizo yalijitokeza mapema. Kuponi ya kijiji kimoja haikuwa na thamani kijiji cha pili, kwa hiyo biashara kati ya vijiji ilirudi kwenye kubadilishana mali kwa mali. Kijiji chenye ardhi nzuri kiliishi vizuri kuliko jirani yake, na kiwanda chenye malighafi kililipa zaidi ya kile kisicho nayo. Wana CNT wenyewe walilalamika kwamba wafanyakazi wanageuka mabepari wa pamoja. Dawa waliijua, nayo ni mashirikisho yanayosawazisha ziada na upungufu. Hayakupata muda wa kukomaa.

Kikwazo kikubwa kilikuwa kilekile cha Paris. Waanakisti walishika viwanda, lakini dhahabu na fedha za kigeni zilibaki kwa serikali. Oktoba 1936 takriban tani 510 za dhahabu ya Benki ya Hispania zilisafirishwa kwa meli kutoka Cartagena hadi Umoja wa Kisovieti, ambao ndio ulioiuzia Jamhuri silaha. Kuanzia hapo, anayepata bunduki na pamba aliamuliwa na wanaoelewana na Moscow.

CNT ingeweza kutwaa madaraka Catalonia Julai 1936. Ilikataa, kwa sababu ingekuwa udikteta, na hilo ni jibu la kianakisti kwelikweli. Kisha Novemba, vita vikiwa vimekaza, iliingiza mawaziri wanne katika serikali ya Waziri Mkuu Largo Caballero, akiwemo Federica Montseny. Ikawa imeukosa usafi wa msimamo na imeyakosa madaraka. Mei 1937 mapigano yalizuka Barcelona kati ya waanakisti na vikosi vya serikali vilivyoungwa mkono na wakomunisti, na Agosti Baraza la Aragon, chombo cha utawala kilichoongozwa na waanakisti, lilivunjwa kwa nguvu na kikosi cha mkomunisti Líster. Jenerali Franco, kiongozi wa waasi, alishinda mwaka 1939.

Vikao: mahali tofauti inapoonekana kila wiki

Mtu wa kawaida hatakutana na mapinduzi. Atakutana na kikao. Kundi la kianakisti huamua kwenye mkutano wa wote, kwa maafikiano au kwa wingi wa kura uliokubaliwa mapema, tuseme robo tatu. Makundi yakiwa mengi, kila moja hutuma mjumbe mwenye agizo la maandishi: aseme nini, akubali nini, na lipi lazima arudi kuuliza. Anaweza kubadilishwa wakati wowote. Udhaifu wake unajulikana. Wenye muda huwashinda wenye watoto na zamu za usiku. Mtu mmoja mkaidi anaweza kuzuia jambo la wote. Na hatari kuliko yote ni kiongozi asiyechaguliwa, kwa sababu hakuna kikao kinachoweza kumwondoa kwenye cheo ambacho rasmi hana. Makundi yanayodumu huandika mambo haya mapema: akidi, muda wa mwisho wa mjadala, zamu za mwenyekiti na mtunza fedha, na sharti kwamba anayezuia uamuzi alete pendekezo mbadala.

Chama cha mkondo wa Lenin kina ngazi: tawi, wilaya, Kamati Kuu, kisha kamati ndogo ya siasa juu yake. Mjadala unaruhusiwa mpaka kura. Baada ya kura, aliyeshindwa hutekeleza sawa na aliyeshinda. Kwa mgomo wa ghafla au kampeni ya nchi nzima, utaratibu huu ni bora, tusibishane. Unapoharibika huharibikia kwenye orodha ya wagombea. Kamati Kuu ikipendekeza yenyewe majina ya Kamati Kuu ijayo, walio juu wanakuwa wamewachagua watakaowachagua. Matawi yasiporuhusiwa kuwasiliana bila kupitia makao makuu, wakosoaji hawajuani. Kinachobaki ni kunyamaza au kujitenga, na ndiyo sababu nchi moja huweza kuwa na vyama vitano vya kikomunisti vinavyochukiana kuliko vinavyowachukia mabepari. Kinga zake ni haki ya walio wachache kuchapisha maoni yao, haki ya kuunda makundi, ukomo wa vipindi, na ukaguzi wa hesabu unaofanywa na wasio wajumbe wa kamati.

Kuhusu uchaguzi, usichukue kanuni kama desturi isiyopinda. Wakomunisti wamewahi kuongoza kwa kura: Kerala, India, mwaka 1957. Waanakisti nao hulegeza. CNT ilihimiza watu wasipige kura Novemba 1933, na upande wa kulia ukashinda. Februari 1936, umoja wa vyama vya kushoto ulipoahidi kuwafungua wafungwa, kampeni ya kususia ilipunguzwa makali kimyakimya.

Kuchagua

Jiulize unaogopa lipi zaidi: kushindwa na mabepari, au kuwashinda kisha kuzaa mabwana wapya. Anayeogopa la kwanza ataona ukomunisti una akili. Anayeogopa la pili ataona uanakisti una akili. Maoni yetu ni kwamba hofu ya pili ina ushahidi mzito zaidi katika karne ya ishirini, kwa kuwa dola zilizotwaliwa hazikunyauka. Lakini anayechagua uanakisti ana deni la kueleza angefanya nini na ile dhahabu ya Benki ya Hispania.

Shughuli yako pia ina uzito. Kwa gridi ya umeme, reli au chanjo ya nchi nzima, wakomunisti wameandika na kutenda zaidi. Kwa kuendesha kiwanda bila bosi, nyumba za ushirika au chama cha wafanyakazi kisicho na vigogo, waanakisti wana uzoefu mwingi. Usitafute nchi ya kianakisti ya kutembelea: Hispania ilipata chini ya miaka mitatu, Ukraine ya Makhno takriban mitatu, na Wazapatista wa Chiapas, Mexico, walioinuka 1 Januari 1994, hawajiiti waanakisti ingawa wanafanana nao sana. China, Vietnam, Laos na Cuba bado zinatawaliwa na vyama vya kikomunisti, lakini China imefungulia mtaji binafsi tangu 1978, kwa hiyo haionyeshi tena uchumi wa mpango ulivyokuwa.

Kundi likikualika, omba katiba yake kabla ya gazeti lake. Tafuta kifungu cha kumwondoa kiongozi: nani anaweza kukiita kikao, kwa saini ngapi, ndani ya siku ngapi. Tafuta nani anaona daftari la fedha. Kundi la kianakisti lisilo na karatasi yoyote linastahili wasiwasi sawa na chama chenye kitabu kinene kisicho na kifungu hicho.

Kama pande zote mbili zinakukwaza, iko mikondo ya katikati. Wakomunisti wa mabaraza, kama Mholanzi Anton Pannekoek, walibaki na Marx lakini walitaka mabaraza ya wafanyakazi yatawale badala ya chama. Kutoka upande wa pili, Makhno na wenzake uhamishoni Paris walipendekeza mwaka 1926 umoja wa waanakisti wenye nidhamu, msimamo mmoja na wajibu wa pamoja, wakisema kukosa hayo ndiko kulikowaangusha Urusi. Errico Malatesta, anakisti mkongwe wa Italia, aliwajibu kwamba huo unanukia Ubolsheviki. Barua walizoandikiana juu ya hilo ni fupi, na kwa anayesita kati ya kambi mbili zinafaa kusomwa kabla ya vitabu vikubwa.